Elimu ya Mkia

Wadih alikuwa na mali mbili tu hapo Beirut: ulimi wake na suti nyeupe. Suti yenyewe ilikuwa ya Krikor dobi, aliyemkodisha akangoja malipo mpaka akachoka. "Jumapili za mwezi huu zikiisha hujalipa," Krikor alimwonya, "nakuvua popote nitakapokukuta, hata kanisani." Na Wadih bila suti alikuwa mtu tu asiye na kazi.

Ndipo Jumapili moja, kwenye uwanja wa mbio za farasi, alipowaona watu saba wakichana tiketi zao kwa hasira. Akawasogelea.

"Jamani, nani kawadanganya mtazame miguu? Farasi hatazamwi mbele. Anatazamwa nyuma!"

Hapo hapo akatunga elimu nzima. Farasi anayejisaidia anapotembezwa mbele ya watu kabla ya mbio, huyo keshatua mzigo, na ndiye mshindi. Mengine yote ni porojo za magazetini.

"Na wakijisaidia wawili?" akauliza Mama Nadim, mjane mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Hilo ni somo la pili, mama. Lina ada yake."

Wakalipa, wote saba. Wajinga ndio waliwao. Mwalimu mwenyewe akasema haweki dau, ati elimu itamtoka. Ukweli ni kwamba hakutaka kupoteza hata lira moja kwa upuuzi wake.

Jumapili iliyofuata alijificha nyuma ya nguzo akingoja matusi. Mama Nadim akamfuata huko huko na sinia la baklawa, maana aliyepata heri huwalisha wenzake utamu.

"Tumepata, mwalimu! Mavi yako ni dhahabu!"

Jumapili ya pili masinia yakawa mawili, na ada ikalipwa tena bila kuombwa. Wadih alitafuna huku moyo ukimuuma. Hawa mabwege wanatajirika, na yeye mwenye elimu anaishi kwa makombo! Akaanza kukodolea mikia macho. Akaanza, Mungu amsamehe, kuamini.

Jumapili ya mwisho ya Krikor, farasi mmoja mwekundu aitwaye Shihab, asiyethaminiwa na yeyote, alijisaidia kwa wingi hata mtunzaji wake akateleza. Wadih akachana bitana ya koti, akatoa ada zote alizoshonea humo, akamvuta Mama Nadim pembeni.

"Kaniwekee kwa Shihab, mama. Wale wengine wasijue."

"Zote, mwalimu?"

"Zote!"

Shihab akashinda. Akawaacha wenzake nyuma kabisa, na Wadih akambusu askari aliyesimama karibu, kisha akakimbilia wanafunzi wake. Aliwakuta wameinamisha vichwa kama wako matangani.

"Tiketi, mama! Tiketi yangu!"

"Hakuna tiketi, mwanangu." Mama Nadim alikaa kwenye ngazi. "Jumapili ile ya somo la kwanza tulipoteza wote. Mimi niliweka pesa za meno yangu. Tukaona tujifanye washindi, tukulishe baklawa mpaka uturudishie chetu kwa mkono wako mwenyewe. Tumeshagawana."

"Hamkuweka hata kidogo?"

"Tungeweka kwenye mavi? Nani ana akili hizo?"

Lakini macho yake hayakuondoka kwenye ubao wa malipo, ulioonyesha kwamba aliyemwekea Shihab analipwa dau lake mara nyingi. Mzee mmoja katika wale saba akaanza kulia waziwazi. Wadih akamwita mwizi, mzee akamwita mwizi, na wote wawili walisema kweli.

Krikor akatokea katikati ya ugomvi, mkono umenyooshwa. "Pesa au suti."

Suti ikavuliwa palepale. Wadih akabaki na fulana na bukta ya mistari, watoto wakimzomea. Mtu mwenye haya angekimbilia nyumbani.

Kengele ikalia. Farasi wa mbio zinazofuata wakaanza kutembezwa. Wadih akasogea kwenye uzio. Kisha Mama Nadim, kisha wale wengine, mmoja mmoja, bila kutazamana. Krikor naye akaja, suti begani.

"Nyamazeni," Mama Nadim akanong'ona, akifungua mkoba. "Yule mweusi ameinua mkia."