Kiti Kipo

Jumatatu, 3 Machi

Mchezo wangu wa simu umekubaliwa! Mkurugenzi wa jumba la sanaa hakusema ndiyo, alisema tutaona, lakini wakurugenzi mimi nawajua. Maonyesho ya marehemu kaka yangu yanafunguliwa Jumamosi. Michoro ishirini na sita, yote ya viti. Viti vitupu. Mungu amrehemu, mkono alikuwa nao, lakini nani ataacha shughuli zake aende kutazama kiti kisichokaliwa na mtu?

Hapo ndipo ninapoingia mimi. Mgeni anaelekeza simu kwenye mchoro, na kwenye kioo cha simu anatokea mbuzi juu ya kile kiti, amekunja nne. Ukimgusa anarukia mchoro mwingine, nawe unamfuata. Atakayemkamata kwenye kiti cha mwisho ni mshindi. Kazi aliyoifanya marehemu kwa miaka minane, mgeni ataimaliza kwa dakika kumi na mbili.

Shemeji, mjane wa kaka, aliuliza kwa nini mbuzi. Nikamweleza kwamba ndiye mnyama pekee niliyempata akiwa tayari ametengenezwa. Akageukia ukuta. Nadhani aliguswa. Alitoa sharti moja tu: mchoro wa ishirini na sita, ule marehemu alioumalizia hospitalini, nisiutie mchezoni. Nikasema hilo halina neno.

Jumatano, 5 Machi

Majaribio mchana kutwa. Kasoro ndogo. Simu haijui tofauti ya kiti kilichochorwa na kiti chenyewe. Mlinzi wa jumba ana kiti chake cha plastiki mlangoni, na kila nikimwelekezea simu, mbuzi anampanda mapajani. Nikamwomba awe anasimama mpaka maonyesho yaishe. Wiki sita tu! Akaniuliza kama nyumbani kwetu kuna mtu mzima.

Mzee huyu hanipendi tangu zamani. Alikuwa akinywa chai na marehemu pale pale mlangoni, basi anadhani amekuwa ndugu.

Tatizo kubwa ni sauti. Mchezo unataka sauti ya kumwita mgeni. Nikajirekodi mwenyewe. Mkurugenzi akasema nasikika kama muuza dawa ya panya. Kijicho hicho.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata sauti! Kumbe nilikuwa nayo simuni tangu Septemba. Ujumbe wa mwisho wa kaka, dakika sita na nusu, alionitumia kutoka wodini siku mbili kabla ya kufariki. Wakati ule sikuusikiliza. Kaka akianza kuongea hakuwa na breki, na mimi nilikuwa na mambo yangu. Nikasema nitausikiliza nikitulia. Kisha akafa. Tangu hapo kila nikiuona nauruka.

Leo nikaufungua kiume. Mwanzoni kabisa anasema: "Uko wapi? Njoo basi. Kiti kipo."

Sekunde saba! Utadhani alikuwa ameuona mchezo wangu. Sauti imechoka kidogo, ina mkwaruzo, inavuta. Nikakata sekunde hizo nikaziweka mchezoni. Simu ikagoma, eti imejaa. Ikabidi kuchagua kati ya ujumbe na mkia wa mbuzi, na mbuzi asiye na mkia hatazamiki. Nikafuta ujumbe, dakika sita zilizobaki bado sijazisikia. Baada ya hapo nilikaa kitandani mpaka giza likaingia. Njaa, nadhani.

Mchoro wa mwisho nao nimeutia. Kiti cha ushindi lazima kiwepo, na shemeji mwenyewe akiona umati atanishukuru.

Jumamosi, 8 Machi

Watu themanini na tatu! Nimewahesabu mwenyewe. Wote simu juu, hakuna aliyetazama ukuta. Bwana mmoja alimrukia mbuzi akaangusha mchoro wa kumi na moja. Wengine wakamzunguka mlinzi, wakawa wanampapasa mapaja. Na kila pembe kaka anaita, simu zikipokezana: uko wapi, njoo basi, kiti kipo. Mkurugenzi akanishika bega akasema hajawahi kuona umati kama huu. Sifa sikulewa. Nilionja tu.

Shemeji alifika saa kumi. Alipovuka mlango akasimama, mkoba ukamdondoka. Kisha akapita katikati ya watu mpaka kwenye mchoro wa mwisho. Nikamkimbilia nimwonyeshe namna ya kushika simu.

Kiti cha chuma, mto wa kijani, kona ya wodi. Kwenye simu ya mtu aliyesimama kando mbuzi alikuwa amekikalia.

Shemeji alizungumza polepole, bila kunitazama. Alisema ujumbe ule ulirekodiwa yeye akiwepo. Ndiye aliyeishika simu, mikono ya kaka ilikuwa imekwisha nguvu. Alisema hicho ndicho kilikuwa kiti cha wageni, na kwa siku kumi na moja kaka hakuruhusu mtu akikalie, hata yeye mkewe. Kila aliyekisogelea aliambiwa: "Ni cha mdogo wangu, yuko njiani." Alipochoka kungoja, mikono ikiwa bado na nguvu, ndipo akakichora.

Nilitaka kusema kitu kuhusu barabara zilivyokuwa mbovu mwezi ule.

"Simu yake ilipotea wodini siku ile ile," akasema. "Sauti yake sina tena. Ule ujumbe nipe, shemeji. Nipe wote."

Nikamwambia zipo sekunde saba.

Jumapili, 9 Machi

Nimewazungukia mafundi simu watatu. Wote wanasema kilichokwenda kimekwenda. Mkurugenzi ameufunga mchezo. Ukumbi mtupu, viti ishirini na sita na mlinzi kwenye chake. Nilipompita akasema sikio la kufa halisikii dawa. Kwa mara ya kwanza mzee ametoa ushauri wa kitaalamu: sauti ilikuwa chini, ningeiongeza.

Nimelia leo. Bafuni, bomba nimelifungua, mpaka jirani akagonga akidhani limepasuka. Dakika sita kaka aliongea na mimi nami sikuwepo. Nimeapa kwa jina lake: kuanzia sasa, mtu akinitumia neno, nitalisikiliza mpaka mwisho.

Jumanne, 11 Machi

Shemeji ametuma ujumbe wa sauti! Dakika tisa nzima. Amenisamehe, au hajanisamehe, sijafika huko. Unaanza hivi: "Shemeji, keti, usikilize mpaka mwisho. Kaka yako alisema hivi."

Lo, sauti hiyo! Kavu, nzito, haina haraka. Nami jana nilisikia kwamba makumbusho ya reli wanatafuta mchezo, na wana behewa zima la viti. "Keti, usikilize mpaka mwisho." Kuna maneno gani bora ya kufungulia mchezo? Nimeyakata hapo hapo. Sekunde nne, safi kabisa.

Zilizobaki nilipanga kuzisikiliza nikitulia, ila simu ikasema imejaa, nichague cha kufuta. Mbuzi sikumgusa.