Lengo la Kuazima

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Balaa! Mkurugenzi mpya ametukusanya sisi saba wa masjala na kutangaza kwamba Ijumaa kila mmoja atasimama aseme lengo lake. Si la kazi. La maisha! Anasema asiyejua anakoelekea hawezi kuongoza wenzake, na kiti cha mkuu wa masjala kiko wazi tangu mzee wetu astaafu. Wenzangu wakaitikia kwa vichwa, kama watu waliokuwa wakisubiri kuulizwa tu. Kiherehere wa meza ya pili (jina nimempa mimi, yeye halijui) akauliza kama ni lazima liwe moja tu. Moja tu! Nina miaka arobaini na moja na sina hata nusu.

Jioni nikamuuliza mke wangu, kama mzaha, anataka nini maishani. Alikuwa anapiga pasi. Akajibu bila kuinua uso kwamba anataka kuwa mkunga. Fomu ya chuo ameshachukua, iko kabatini. Miaka kumi na tatu kitanda kimoja, na sikujua! Anafua mashuka ya zahanati, nami nilidhani anapenda kufua. Kisha akageuza swali: "Na wewe, Baba Watoto?" Nikasema nina kiu. Nimekunywa bilauri nne za maji.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mbinu ya kwanza. Niliwaza hivi: lengo mtu huzaliwa nalo. Basi langu nililidondosha mahali. Dada yangu mkubwa ametunza madaftari yetu ya darasa la tatu, nikapita kwake kutoka kazini. Akaleta sanduku. Insha ipo! "Nikiwa Mkubwa." Nimeandika, kwa mwandiko mzuri kabisa, kwamba nikiwa mkubwa nitakuwa dada yangu, kwa sababu yeye hulala karibu na dirisha. Mwalimu alinipa saba kwa kumi.

Dada alicheka mpaka akakaa sakafuni. Eti hata soksi nilikuwa nataka za kwake. Nikamwambia hayo hayahusiani. Nikaondoka chai ikiwa nusu.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Jana sikuandika. Tumbo.

Leo mbinu ya pili. Kiherehere alipeleka mafaili ghorofa ya juu, akaacha karatasi yake mezani. Sikuigusa! Nilirefusha shingo tu. Mstari wa kwanza: "Lengo langu ni kujifunza lugha ya alama." Mara viatu vyake ngazini, mstari wa pili sikuuwahi. Lakini wa nini? Lengo ndilo hilo. Safi, lina heshima, halihitaji mtu kukimbia asubuhi. Mpango: nimtangulie kusema. Akisema baada yangu, mwigaji ni yeye!

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Mke wangu alipita akauliza naongea na nani. Nikamwambia, na mustakabali wangu. Akaenda zake.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Aibu. Aibu isiyo na kipimo.

Nilijitolea kuanza. Nikalisema lengo kwa sauti nzito. Mkurugenzi akavua miwani, akasema miaka yote ya uongozi hajasikia jambo kama hilo. Kisha akauliza: "Na kilichokusukuma ni nini?"

Mstari wa pili!

Jasho likateremka mgongoni hadi kwenye mkanda. Nikausikia mdomo wangu ukisema: ili niweze kuongea huku nina chakula mdomoni. Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka.

Akasimama Kiherehere. Hakutoa sauti. Aliinua mikono, vidole vikasitasita hewani, vikashuka. Ndipo akaeleza kwamba amesema, "Baba yupo hapa." Binti yake wa miaka tisa alipoteza usikivu mwaka jana baada ya homa. Maneno hayo matatu ndiyo yote anayoweza kumwambia kwa sasa. Mpiga chapa wetu akalia. Mimi nilikuwa natafuta tundu sakafuni.

Alinikuta kwenye korido. Nikajua leo nazabwa kofi. Akanikumbatia! Anaamini nilijua habari za mtoto, nikatangulia makusudi ili yeye asione haya kusimama peke yake. "Wote wamesikia wakanyamaza," alisema. "Wewe tu, ndugu yangu." Akaongeza kwamba darasa ni kesho saa nne asubuhi. Nilitaka kusema ukweli. Mdomo ulikuwa umeshafunguka kabisa. Nikasema, "Nitakuja."

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimeenda. Watu kumi na mmoja, chumba kimya, mioyo yao imetulia ila wangu. Binti wa Kiherehere aliketi kando yangu, akavikunja vidole vyangu kimoja kimoja kama anayefunga vifungo vya shati. Maji. Kesho. Rafiki. Nilipotaka kumwambia mwalimu kwamba mimi ni mwanafunzi mpya, kumbe nimemwambia mimi ni ng'ombe mpya. Binti akacheka kwa sauti. Baba yake aligeuka ghafla, akabaki amesimama hivyo, mkono kinywani. Sauti hiyo hajaisikia tangu ile homa.

Baadaye binti aliniandikia kwenye daftari: "Kwa nini unajifunza?" Nikaandika ukweli: "Sijui." Akafikiri kidogo, akaandika: "Njoo tu."

Nimegundua njiani kurudi kwamba kwa saa mbili nzima sikuwa na wasiwasi. Jambo hilo limenitia wasiwasi.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mke wangu amepeleka fomu chuoni leo asubuhi. Kiherehere amepewa kiti cha mkuu wa masjala. Nimempongeza, na cha ajabu nilimaanisha. Mkurugenzi akaniita ofisini kwake. Akasema amesikia kwa Kiherehere kwamba mtoto anamsimulia kila mtu habari za ng'ombe, na kwamba nikiendelea kwenda kila Jumamosi, huenda nimeshapata ninachokitafuta, nisikikimbie. Nikamshukuru. Nikatoka mwepesi kama karatasi.

Saa sita nikakutana na fundi wa lifti akila mkate kwenye ngazi. Anafuga samaki wa mapambo. Ananuia kuwa na matangi ishirini sebuleni! Alivyosimulia, macho yake yaling'aa, uso mzima ukafunguka. Huyo ndiye mtu mwenye mwelekeo! Nikamuuliza tangi linauzwa wapi. Duka ni moja tu, linafunguliwa Jumamosi pekee, saa nne hadi saa sita. Nimeshamwambia Kiherehere kwamba Jumamosi nitakuwa na mafua.

Mke wangu ameuliza nimeanza lini kupenda samaki. Nimemjibu kwamba hii ni ndoto yangu ya siku nyingi. Ninayo tangu saa sita mchana.