Kanuni ya Mvua ya Ihembe

Jumatatu, 7 Septemba 1953
Nimeipata! Tangu Mei naandika daftarini kila siku. Mvua imenyesha mara tisa, na mara zote tisa jirani yangu, Mama Pulkeria, alikuwa ameanua kahawa yake asubuhi. Tisa kwa tisa! Wanafalsafa wakubwa walianza na machache kuliko haya. Kanuni ni fupi: majamvi ya kahawa yakiingia ndani, mvua inashuka. Wiki tano bila tone, migomba imenyauka, kumbe dawa iko uani kwa jirani.

Jumanne, 8 Septemba
Nimemweleza Placidius, mwalimu mwenzangu. Akauliza, nikikifupisha kivuli cha mlingoti wa bendera, mlingoti nao utapungua? Wivu mtupu. Desimali tu humtoa jasho. Nimekwenda kisimani kuwatangazia akina mama: kesho asubuhi pandeni maharage, alasiri mvua.

Jumatano, 9 Septemba
Nimempa Mama Pulkeria shikamoo ya heshima zote, nikamwomba aanue kahawa siku tatu kwa faida ya kijiji kizima. Akasita. Kahawa bado mbichi. Nikamwandikia kanuni ubaoni (nilikwenda na ubao). Akakubali, akisema mwalimu hawezi kumdanganya mjane.
Saa tisa: jua. Saa kumi: jua. Labda mvua inatoka mbali.

Jumamosi, 12 Septemba
Kahawa imeota ukungu. Kanga wamefukua mbegu zote za maharage. Akina mama hawaitikii salamu zangu. Mama Pulkeria hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alinipa reki tu.
“Utageuza mpaka harufu iishe, Mwalimu.”
Nimegeuza siku nzima. Placidius amepita mara nne, na hana shughuli yoyote upande huu.

Jumatatu, 14 Septemba
Mvua! Mvua kubwa!
Asubuhi Mama Pulkeria aliniambia nianue majamvi. Mbingu nyeupe kabisa, bila wingu. Nikamuuliza amejuaje.
“Goti langu likianza kuuma, mvua haikosi.”
Nikaitupa reki. Goti! Miezi yote nimehesabu majamvi, kumbe chanzo ni goti! Nikakimbilia daftari, nikaisahau kahawa, ikalowa yote. Nimefukuzwa uani kwa ufagio, lakini moyo unaruka kwa furaha. Kanuni imekamilika: goti likiuma, mvua inashuka.
Kiangazi kijacho hatutateseka. Nimekwisha pima kizingiti cha mlango wake kwa macho. Kikiinuliwa inchi mbili tu, atajikwaa vizuri.