Habari za Vita vya Ubeti wa Tatu

Sogeeni, enyi mlio karibu, na ninyi wa nyuma acheni kusukumana! Punguzeni redio, tulizeni watoto, kwani habari inayokuja ni kubwa kuliko zile za majeshi na majemadari. Ni habari ya msusi mmoja, Vidole Vyepesi, malkia wa kitana, bingwa wa rasta na mistari, ambaye tangu Alhamisi hadi Jumamosi aliyalinda masikio yake yasisikie jina moja tu. Anayeona huu ni mzaha na aondoke sasa, kiti chake kina mwenyewe.

Malkia huyu alikuwa na mapenzi mawili makubwa, ukimwacha mumewe, ambaye alikwishazoea kuwa wa tatu. La kwanza lilikuwa Kinu Kikavu, mwana wa hiphop mwenye sauti ya kukwaruza, mtwangaji wa maneno hadi yakawa unga. La pili lilikuwa tamthilia iitwayo Lango la Chumvi, ambamo kwa misimu mitano wafu waliufufukia mji na kuuzingira, wakibisha lango mchana na usiku, huku walio hai mle ndani wakishikana mashati. Ilikwisha kujulikana kwamba katika kipindi cha mwisho mmoja wa walinzi angelifungua lango hilo kwa mkono wake mwenyewe. Nani? Vidole Vyepesi alilibeba swali hilo akiosha vyombo, akioga, na mara moja harusini, bibi harusi akiwa ndiyo kwanza anaingia. Alitaka kumwona mtu huyo kwa macho yake, asihadithiwe na yeyote.

Basi ikawa, Alhamisi jioni, mkono wa mlinzi ukiwa umelifikia komeo na uso wake ungali gizani, umeme ukakatika mtaa mzima. Kilio chake sitakieleza. Mama mkwe wake, aliyekuwa amemtembelea dada yake mtaa wa pili, aliporudi alimkuta ameketi mbele ya televisheni iliyozimika kama anayelinda maiti. Marudio yalikuwa Jumamosi saa kumi alasiri. Lakini kabla ya Jumamosi kuna Ijumaa, na Ijumaa saluni hujaa watu, na watu wana midomo.

Asubuhi akavaa silaha zake. Akajifunga aproni, akatia visikilizi masikioni, akavibana kwa kilemba visichomoke, simu akaitia mfukoni, na ndani ya simu ulikuwamo wimbo mpya wa Kinu Kikavu, uliotoka alfajiri ile ile. Akawatangazia wote kwamba leo hakuna soga, anayetaka kusukwa asukwe kimya.

Kwenye kiti cha mbele ya kioo aliketi mwalimu wa chekechea, mwanamke mwema asiyejua kunyamaza. Kwenye benchi la mlangoni aliketi mama mkwe, aliyekuja kukunja taulo kama kila Ijumaa. Huyu ndiye aliyeogopwa zaidi, kwa maana siri kwake haikupata kulala. Ndiye aliyeitangaza mimba ya Vidole Vyepesi sokoni kabla mume mwenyewe hajaambiwa. Ajabu, siku hiyo alikuwa kimya, ameuma pembe ya mtandio, anakunja taulo, anaikunjua, anaikunja tena. Vidole Vyepesi akadhani jino linamsumbua.

Wimbo ukaanza. Ubeti wa kwanza ukausifu mji na kuta zake, na msusi akatikisa kichwa kwa raha. Kisha akasikia neno chumvi. Kisha komeo. Kumbe Kinu Kikavu naye ni mshabiki wa tamthilia ile ile, ameitazama hadi mwisho, na kwa jazba akaingia studio usiku huo huo!

Hapo ndipo ushabiki wake ulipomfaa. Mwingine angesubiri asikie yatakayofuata, lakini yeye alimjua shujaa wake kama anavyokijua kisogo cha mumewe. Ubeti wa kwanza huweka jambo mezani, wa pili huuliza, wa tatu hujibu, wala desturi hiyo haijapata kuvunjwa. Na ubeti wa pili ulikuwa tayari unauliza: nani, nani kafungua?

Mikono yake yote miwili ilikuwa vitani, mmoja umeshika msuko, mwingine umejaa mafuta hadi kwenye kiwiko. Kuuachia msuko katikati, msusi wa heshima hafanyi hivyo hata nyumba ikiungua. Akatikisa kichwa kwa nguvu. Kisikilizi cha kushoto kikachomoka, cha kulia kikang'ang'ania chini ya kilemba. Mwalimu akaona kwenye kioo kwamba sikio moja limefunguka, akaichukulia kuwa ni ruhusa.

"Afadhali, dada yangu," akasema, "maana nimekaa nalo rohoni tangu jana. Hivi wewe ulitegemea kabisa kwamba atakayefungua lango angekuwa..."

Kulia Kinu Kikavu akivuta pumzi ya ubeti wa tatu, kushoto mwalimu akivuta pumzi ya kutaja jina! Ndipo Vidole Vyepesi akafumbua kinywa, akaughani kwa sauti ya kupasua vioo wimbo wa kwanza kabisa wa Kinu Kikavu, alioukariri tangu shuleni:

*Mimi ni Kinu, mchi wangu ni ulimi,*
*Natwanga asubuhi, jioni sikomi;*
*Ukitaka kimya, hamia kisimani,*
*Na hata huko mwangwi utakufuata ndani!*

Mteja aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia akatoa kichwa kuona kulikoni. Vidole Vyepesi akarudia, akarudia tena, jasho likimtiririka, pumzi ikimwishia. Ndipo mama mkwe akainuka. Akavuka saluni, akaichomoa simu mfukoni na kuung'oa waya wa visikilizi. Simu, ikiwa huru, ikaanza kunguruma kwa watu wote. Kwa kuwa hakujua kuizima, akaizika katikati ya lundo la taulo, akalikalia. Kinu Kikavu akautoa ubeti wake wa tatu chini ya mama mkwe, wala hakusikika neno.

"Mwalimu," akanena mama mkwe kwa utulivu, "nakuheshimu, umewafundisha wajukuu zangu kusoma. Lakini ukilitaja hilo jina, utatoka humu umesukwa upande mmoja, na Jumatatu utasimama hivyo mbele ya watoto. Chagua."

Mwalimu akachagua kunyamaza.

Jumamosi saa kumi umeme haukukatika. Mkono ukalivuta komeo, nuru ikauangukia uso, lango likafunguka. Nani? Mimi mwandishi ninamjua, wala sitamtaja, kwa maana wapo kati yenu ambao hawajatazama, na nywele zangu nazipenda.

Vidole Vyepesi alilia na kucheka kwa pamoja. Akageuka amwone mama mkwe atakavyoshtuka, akakuta hatazami televisheni kabisa. Alikuwa akimtazama yeye, na pembe ya mtandio imetafunwa ikaisha.

"Hatimaye," akasema mama mkwe. "Mwanangu, nilimwona Alhamisi kwa dada yangu. Tangu siku ile sijala vizuri, nikiogopa nikifungua mdomo atatoka."

Msusi akamkumbatia, akajua kwamba anapendwa kuliko alivyokuwa akidhani.

Basi iandikwe, na vizazi visome, kwamba mama mkwe alinyamaza tangu Alhamisi jioni hadi Jumamosi alasiri. Kisha akaomba simu, ampigie dada yake wamseme vizuri yule mlinzi.