Maswali Arobaini kwa Dakika Kumi na Tisa

Jumatatu, 9 Juni 2025

Wiki ya ushindi wangu imeanza! Jumamosi majaji watachagua kampuni changa moja ya Tabora ipewe ofisi mwaka mzima. Meza, intaneti, na mlango wenye jina lako. Nimeshachagua rangi ya maandishi ya VEDASTO. Nikikosa, dada Theodora amesema Jumapili nipande treni kwenda Bukene, kukoboa mpunga kwa mjomba Kasimiri. Kochi lake la hapa Ng'ambo, anadai, limechoka kunibeba.

Programu yangu ni ramani ya mizinga ya nyuki. Mnunuzi anafungua simu, anaona asali ilipo. Basi! Nani hataki?

Leo mwezeshaji wetu, Bi Asmahani, katuambia mtaji wa kwanza wa mwanzilishi ni udadisi. Apolinaria, fundi cherehani wa mtaa wa pili, akanyoosha mkono kuuliza utajuaje kama mtu anakujibu tu ili uondoke haraka. Swali gani hilo! Nikacheka, peke yangu. Bi Asmahani akaliandika ubaoni.

Jumanne, 10 Juni

Somo nimelielewa. Udadisi ni maswali. Mwenye mengi ndiye mdadisi zaidi. Nimeandika arobaini! Kisha nikafanya mazoezi ya uso wa udadisi mbele ya kioo: kichwa upande, nyusi juu. Theodora akauliza kama jino linaniuma.

Nikamkumbusha kwamba babu wa babu yetu alibeba mizigo ya misafara kutoka hapa hadi pwani bila kuulizauliza. Akajibu kwamba asingeuliza maji yako wapi, sisi tusingezaliwa. Huyu dada hana maono kabisa.

Jumatano, 11 Juni

Basi hadi Urambo, kisha bodaboda hadi kijijini kwa Mzee Lugembe, mfugaji nyuki. Nani kafika kabla yangu? Apolinaria! Shikamoo, marahaba, nikaanza kazi. Maswali arobaini kwa dakika kumi na tisa! Mzee akiwa bado kwenye jibu la tatu, habari ndefu ya wezi, mimi nilikuwa swali la saba. Nikamwomba kwa heshima afupishe.

Apolinaria kauliza moja tu: kwa nini kuku wanalala kwenye mizinga ya kisasa. Ni kweli, uani kulikuwa na masanduku sita ya njano, zawadi ya mradi fulani, na kuku ndani. Hata mimi niliyaona. Nilidhani ni kuku wa kitajiri. Mzee akavuta kigoda, wakazungumza saa mbili nzima, Apolinaria akimenya karanga pamoja na mama mwenye nyumba. Saa mbili kwa swali moja! Nilimhurumia.

Jioni mzee akaenda porini kukagua mizinga yake. Nikaomba kumfuata. Alinitazama sana, kisha akakubali kwa kuwa mimi mgeni. Kila mti wenye mzinga, nikabonyeza simu. Akauliza nafanya nini. Nikasema napiga picha za miti. Mizinga thelathini na miwili, yote ndani ya ramani!

Alhamisi, 12 Juni

Nimerusha ramani kwenye makundi yangu yote ya WhatsApp. Hadi saa kumi watu mia mbili na kumi na wanne wameifungua! Wengine mara tano tano. Mmoja kauliza kama mzee ana mbwa. Nikamjibu hana. Sikumuuliza ya nini. Mteja hasumbuliwi.

Ijumaa, 13 Juni

Mzee Lugembe kapiga simu. Mizinga kumi na mmoja imerinwa na watu wasiojulikana. Alisema kwa utulivu, na hilo ndilo baya zaidi. Akaeleza kwamba mizinga hufichwa, hata mwanawe mkubwa anaijua nusu tu. Kisha akauliza mimi nadhani ni nani. Nikasema nyegere. Akasema nyegere wa kwao hawavai kandambili.

Nimeifuta ramani. Nimeona aibu, kweli, hata chai imenishinda. Baadaye nikakumbuka kwamba sasa sina cha kuwaonyesha majaji. Hapo ndipo nilipoumia zaidi.

Jumamosi, 14 Juni

Apolinaria alipanda jukwaani na kitambaa. Akasema mizinga ya kisasa inatoa asali nyingi, lakini njano yake mwizi anaiona toka barabarani, ndiyo maana wazee wamewaachia kuku. Yeye kaishonea joho la rangi ya gome la mti wa mtundu. Akawaonyesha majaji picha ya mti, akawaomba waonyeshe mzinga ulipo. Watatu wote wakashindwa.

Zamu yangu. Jaji mmoja akauliza wafugaji waliniambia nini. Nikasema niliwauliza maswali arobaini. Akataka majibu. Nikafungua daftari. Maswali yalikuwa yameandikwa vizuri mno, kwa kalamu mbili.

Hapo akasimama Mzee Lugembe, aliyekuja kumsindikiza Apolinaria, akauliza zile picha za miti ziko wapi. Nikasema yote, na ramani, na mbwa. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba ningemwacha amalize jibu la tatu, ningejua. Akaketi. Ofisi kapewa Apolinaria.

Jumapili, 15 Juni

Nimo ndani ya treni. Theodora kanifungia mihogo na kunisindikiza hadi stesheni, nadhani ahakikishe nimepanda. Sijakata tamaa! Kosa nimelijua: maswali yananichosha. Basi natengeneza programu itakayouliza watu maswali kwa niaba ya mwanzilishi, yeye akiwa amelala. Kila kampuni changa nchini itaitaka. Nimuulize nani? Jibu ninalo.

Jirani yangu kitini, Silasi, ni fundi wa mashine za kukoboa, naye anashuka Bukene. Alitaka kunieleza jinsi zinavyokula vidole. Nikamwomba anyamaze, naandika.

Baadaye treni ikasimama. Silasi akanigusa bega mara mbili. Nikamwinulia kiganja asubiri, nipo ukurasa wa nne. Akachukua mfuko wake, akashuka. Vizuri, sasa nanyoosha miguu.

Tumesimama tena. Kibao cha kituo kinasema Isaka. Kumbe Isaka iko kabla ya Bukene! Sikujua. Naendelea na ukurasa wa tisa.