Jinsi Bochaberi Alivyoiosha Sahani ya Mamaye

Tulieni, enyi watu wa Kosele, nanyi mlioko mbali hadi Migori. Mwenye jembe na aliegemee, mwenye sufuria motoni na apunguze kuni, kwa maana nasimulia kazi nzito ya Bochaberi binti Nyasuguta, mwalimu mstaafu wa sayansi kimu, mwenye mikono isiyotetemeka, siku alipoosha sahani moja.

Sahani hiyo ilikuwa ya marehemu mamaye. Katika ujana wake Nyasuguta aliwalea watoto wa mwenye duka mmoja wa Kihindi mjini Migori, na walipoagana, mama wa watoto wale alimzawadia sahani ya kauri, nyeupe, yenye samaki wa buluu wanaofukuzana na ukingo wa dhahabu. Nyasuguta alisema ilitoka Uchina zamani sana, tena ilichorwa kwa mkono. Kosele nzima ikacheka. Walisema sahani za namna ile zimejaa sokoni, zimepangwa chini kando ya ndala. Alizeeka akichekwa, na hata siku ya mazishi yake, mhubiri alipoitaja sahani, waombolezaji walifunika midomo kwa leso.

Ndipo alipoinuka, kutoka machimbo ya dhahabu ya Masara, Elkana Omosa, kitinda mimba wa Nyasuguta, mnunuzi wa dhahabu, mtu asiyeamini kitu mpaka akikwaruze. Alifika adhuhuri kwa dada yake Bochaberi, aliyeirithi sahani, akiwa na silaha mbili: tupa ya chuma, na chupa ya asidi iliyokwisha kuumbua dhahabu nyingi za uongo. Akaketi uani, akanywa uji, kisha akahutubu.

"Dada, mama yetu yuko kaburini na bado wanamcheka. Leo nitaikwaruza sahani hii na kuitonea asidi, tujue moja. Ikiwa ya uongo, nitaivunja mwenyewe, asichekwe tena kwa ajili yake."

Bochaberi aliikumbatia sahani kifuani, kwa kuwa naye alikuwa akiogopa jibu.

"Omosa, ndugu yangu, hii si dhahabu. Ukiikwaruza, hata kama ni ya kweli utakuwa umeiharibu. Niache kwanza niioshe. Moshi wa jiko umeifunika miaka mingi, na hatujawahi kuiona sawasawa."

Elkana akakubali, akajitolea kuleta stilwaya ya kusugulia sufuria. Msaada huo ulikataliwa kwa hotuba ambayo sitairudia hapa.

Basi shujaa akajiandaa kwa vita. Alivua pete, isije ikaacha mkwaruzo. Aligonga ukingo taratibu kwa ukucha, na sahani ikalia kama kengele ya kanisa la mbali, akajua haina ufa uliojificha. Alitandika taulo ndani ya beseni la plastiki, akamimina maji vuguvugu, maana ya moto yangeishtua kauri kuukuu, akatia matone machache ya sabuni. Kisha akaliendea jeshi la masizi, lililopiga kambi tangu enzi za kuni mbichi, akiwa na kitambaa cha pamba tu. Alizunguka, akazingira, akasonga. Na alipoufikia ukingo wa dhahabu alipita kwa wepesi, kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Masizi yakasalimu amri. Maji yakawa rangi ya chai ya rangi.

Lakini jogoo wa jirani, asiyejua historia inapotendeka, aliruka juu ya beseni. Bochaberi akashtuka, na sahani yenye povu ikamponyoka.

Elkana alijitupa kutoka kwenye kigoda. Alianguka chali kwenye matope, na sahani ikatua kifuani pake, nzima. Hakuinuka. Vidole vyake vilikuwa vimegusa duara la chini linalosimamisha sahani, akakuta udongo mtupu usio na mng'aro, uliolainika kwa kuwekwa na kuondolewa maisha ya watu wengi. Akaileta karibu na jicho, kama anavyofanya na dhahabu. Hakuona vile vinukta vya picha iliyopigwa chapa kwa mashine. Aliona mistari iliyoanza minene ikaishia myembamba. Akatazama zaidi.

"Dada," akasema akiwa palepale chini, "samaki huyu hana jicho. Aliyemchora amelisahau."

Bochaberi akapiga magoti kwenye matope, akatazama. "Mashine ingewachora wote sawa. Umri wake siujui, na alama ya mtengenezaji iliyo chini ya sahani siwezi kuiapia, maana alama huigwa. Lakini mkono wa mtu ulipita hapa."

"Basi mama hakudanganya."

"Hakudanganya."

Yule mwanamume wa Masara akalia, matope masikioni, na dada yake akaikausha sahani kwa taulo huku akimwachia nafasi alie.

Jioni ile Elkana alipita sokoni, mgongo umekauka udongo, akisimama kila kibanda kutangaza kwamba Nyasuguta alisema kweli. Wengine walimuuliza, kweli ipi? Akaanza upya, tangu Migori, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Na iandikwe, na wajukuu wasomewe, kwamba siku hiyo katika Kosele ilioshwa sahani moja, ikakauka. Vyombo vingine vya mchana vililala vichafu, na historia haina la kusema juu yake.