Shuka la Paskalia na Doa la Bibo

Kisarawe, Jumatatu, 3 Desemba 1984
Kumbe mimi Didas ni msanii! Miaka tisa nashona kaptura za shule, kipaji kinaozea humu. Afisa Utamaduni katangaza mashindano ya mapambo ya kitambaa, sikukuu ya Uhuru. Masharti: kitambaa kiwe kilishatumika au kiwe masalio, rangi isiwe ya dukani. Tusitupe kitu, kasema. (Rangi ya dukani! Dukani kuna viberiti na salamu tu.) Zawadi: jora la kitambaa cheupe. Jora zima!

Jirani yangu Bi Mwanamvua naye anashindana. Ataunga vipande anavyofagia chini ya cherehani yangu kila jioni. Takataka zangu! Nimemwonea huruma.

Jumanne, 4 Desemba
Wazo limenijia chooni. Doa la bibo halitoki. Hapa kwetu kila mtoto kachapwa kwa ajili yake, mimi zaidi. Sasa kitu kisichotoka kwenye nguo, si ndiyo rangi hiyo? Na mabibo yanaoza bure chini ya mikorosho!

Kasoro kitambaa. Mke wangu Paskalia ana shuka la harusi sandukuni, kazi ya mikono ya marehemu bibi yake, lina lesi pembeni. Lilitandikwa siku moja tu. Basi lilishatumika, masharti yametimia. Mwenyewe yuko kwa mama yake, mtaa wa Kwa Mathias, kule Kibaha, hadi Jumapili jioni. Mchana nitashinda, nitakata shuka jipya kwenye jora, nitahamisha lesi, nitarudisha sandukuni. Hatajua.

Alhamisi, 6 Desemba
Madebe mawili ya mabibo. Nimechora tembo. Katoka kama mtu kamwaga chai ya juzi. Lahaula! Nikachoma maganda ya korosho, nikakamua mafuta yake. Meusi tii! Bi Mwanamvua kachungulia uani, akasema mafuta hayo yanababua, mwanangu, hata watoto wanajua. Nikamwambia kwa heshima zote ashughulike na vipande vyake. Wivu huo.

Ijumaa, 7 Desemba
Vidole vimevimba. Ngozi inabanduka. Kalamu naishikilia kwa viganja. Lakini tembo anang'aa!

Jumapili, 9 Desemba
Sina hamu.

Bi Mwanamvua katundika pazia la vipande, na watu wote wakaenda kutafuta mle vipande vya nguo nilizowashonea. Gauni la ubatizo la Kristina. Suruali ya Mwalimu Raphaeli ya mwaka sabini na saba, nusura alie. Tembo wangu hana mtu. Ikabidi nichukue hatua. Nikamvisha mgeni rasmi tembo mabegani, kwa niaba ya wananchi. Makofi, vigelegele! Kisha hotuba, saa nzima juani. Mgeni akaanza kujikuna shingo. Kwanza kwa adabu, baadaye bila adabu. Aliposhuka jukwaani shingo ilikuwa imeumuka, na jora kapewa Bi Mwanamvua.

Halafu nikamwona Paskalia. Kawahi basi la asubuhi! Alikuwa anaiangalia lesi begani kwa mgeni rasmi. Hakupiga kelele. Angepiga ningepona.

Jumatatu, 10 Desemba
Jana Paskalia alilirudisha shuka nyumbani mwenyewe. Usiku mzima kaifumua lesi, uzi mmoja mmoja, analia. Nimeona aibu, kusema kweli. 

Asubuhi Bi Mwanamvua kabisha hodi na jora lake. Kakata shuka, kaketi kwenye cherehani yangu mwenyewe, kalishonea lesi ile ile. Paskalia kacheka, tena kwa sauti. Kisha wakaniangalia wote wawili. Hukumu: nalala mkekani hadi Krismasi, na Bi Mwanamvua aendelee kufagia vipande, tena mimi nimbebee hadi kwake. Nimekubali yote. Mbele yao nimeapa: sitagusa bibo wala ganda la korosho maishani.

Nami nitatimiza. Tope jeusi la bondeni si bibo wala si ganda. Nimejaribu kwenye soksi, halitoki, na wala haliwashi sana. Mashindano ya mkoa ni mwezi ujao. Na lile shuka jipya, nikilitazama toka hapa mkekani, ni jeupe kupita kiasi. Paskalia Jumamosi anakwenda Kibaha.